Siku Niliyomwitikia Baba Yangu "Marahaba"

"Shikamoo, bwana."

Aliyenisalimia hivyo ni baba yangu mzazi.

Na mimi, wadau... nikamwitikia.

"Marahaba."

Ndiyo, mmesoma sawasawa! Baba alinipa shikamoo mimi, mtoto wake wa kwanza, na mimi nikaipokea nikiwa nimesimama wima, mkono mfukoni.

Ilikuwa Mbeya, mtaa wa Majengo, Machi 1977. Leo nina wajukuu tisa na hili sijawahi kuliandika popote. Naomba msinitukane kwenye komenti kabla hamjamaliza kusoma. Mkimaliza, nitukaneni tu, nastahili.

Jina langu Seni. Kwetu ni Igawa, pale barabara kuu inapokata Usangu. Wazazi wangu walihamia pale na ng'ombe zao kutoka Usukumani nikiwa mdogo. Nikabahatika kusoma, nikapata kazi Iringa mjini. Karani wa kupiga chapa! Vidole kumi vyote vilikuwa vinafanya kazi, siyo kama leo nahangaika na simu kwa kidole kimoja.

Basi, Iringa nilijishaua sana. Suruali ya bugaluu, viatu vya raizoni vyenye visigino virefu, nywele nimezitimua huko juu. Kihehe nikakijua mpaka mabibi sokoni wakawa wananiuliza mimi ni wa ukoo gani.

Na sikuwa nawasahihisha.

Nikampata mchumba, Lusia, wa pale Ipogolo. Mara nikaletewa barua ya uhamisho. Mbeya, moja kwa moja! Baba yake Lusia, mzee Yohane, akanikalisha chini.

"Seni, binti yangu hatoki hapa kwenda kulala kwenye vibaraza vya watu."

"Nimeelewa, baba."

"Tafuta chumba kwanza. Ukipata, njoo tupange tarehe ya ndoa. Usipopata, usije."

Mmeona shughuli? Hakuna chumba, hakuna Lusia. Na Mbeya sikuwa namjua mtu.

Sasa miaka ile kulikuwa na kitu kinaitwa barua ya balozi, yaani balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa majirani. Huendi kuishi mtaa wa watu bila barua ya balozi anayekufahamu. Iringa nilikuwa nakaa kwenye nyumba ya ofisi, hakuna balozi aliyekuwa na habari na mimi. Ikabidi nipeleke salamu Igawa, baba aniombee barua kwa balozi wa kwetu.

Nilitegemea atanipa dirishani, basi likisimama pale Igawa. Nichukue, nimshukuru, niendelee na safari.

Loo! Basi liliposimama, mzee akapanda!

Shuka begani, fimbo mkononi, katambuga za tairi miguuni, na kibuyu cha maziwa mgando amekikumbatia. Ndalahwa Bujiku, baba yangu. Basi zima likageuka kumwangalia.

"Baba, unaenda wapi?"

"Mbeya. Balozi amesema barua ya mtoto inapelekwa na mzazi."

"Ungenipa tu, baba."

"Sasa wewe utajidhamini mwenyewe?" Akacheka, akakaa, akanishika goti. "Twende tukutafutie nyumba, ng'wana wane."

Mwanangu, ndivyo alivyosema, kwa Kisukuma na kwa sauti ya juu. Na mimi nikageukia dirishani. Aibu yangu ilianzia humo kwenye basi, sitaki kuwadanganya.

Tukashuka Mbeya, mvua ya manyunyu, baridi inauma. Nilikuwa na sanduku la bati, vitu vyangu vya kuanzia. Baba akaninyang'anya.

"Lete. Utachafua suruali yako hiyo pana."

Akalibeba begani. Mimi mbele, yeye nyuma. Hebu fikirini watu walivyotuona.

Mtaa wa Sokomatola tukakosa. Mtaa wa Ghana nao tukakosa, chumba kimechukuliwa asubuhi hiyohiyo. Tukaja Majengo, tukaelekezwa nyumba ya bati yenye kibaraza, mwenye nyumba anaitwa Mama Severina. Nikatangulia. Baba alikuwa nyuma anakung'uta tope kwenye katambuga zake.

"Hodi!"

"Karibu! Kamwene!"

Kamwene! Salamu ya Iringa kabisa! Nikaiitikia kwa Kihehe kilichonyooka, na mama wa watu akatabasamu.

"Kumbe mtu wa nyumbani! Umetoka Iringa?"

"Ndiyo, mama. Nimehamishiwa hapa, nina mchumba, tunataka kufunga ndoa."

Akanionyesha chumba cha uani. Sakafu ya saruji, dirisha lina kioo, kuta zimepakwa chokaa. Moyoni nikamwona Lusia amekaa pale anasuka ukili. Nikasema hapa sitoki!

"Ila mimi nina sharti," Mama Severina akasema. "Sitaki ukoo. Mpangaji aliyepita alikuwa mtu wa huko Usangu, wa ng'ombe. Wakaja wajomba, wakaja mashemeji. Siku moja naamka nakuta ndama amefungwa kwenye nguzo ya choo!"

"Aisee!" nikacheka. Nilicheka, wadau.

"Sicheki mimi! Watu wa ng'ombe sitaki tena humu ndani."

Ndipo baba akatokea mlangoni, sanduku begani, kibuyu mkononi. Mama Severina akamwangalia kuanzia juu mpaka chini.

"Na huyu mzee ni nani wako?"

Swali jepesi. Jibu lake ni neno moja tu, lenye herufi nne.

"Huyu? Ni mtu wa mizigo. Nimemchukua stendi."

Jamani...

Baba alisikia. Tulikuwa hatua tatu tu. Akasimama kidogo, akaniangalia, na sikuona hasira usoni kwake. Alikuwa kama mtu anayejaribu kuelewa kitu alichoambiwa kwa lugha ngeni.

Kisha akaelewa.

Akalishusha sanduku taratibu, akainama kidogo, akasema:

"Shikamoo, bwana. Mzigo niweke wapi?"

Na hilo la marahaba mnalijua tayari.

Mngedhani yaliishia hapo. Thubutu!

"Barua ya balozi unayo?" Mama Severina akauliza.

Barua alikuwa nayo baba, ndani ya shuka! Nikipeleka mkono kwenye shuka ya kuli kuchukua barua yangu nitasemaje? Nikaanza kujipapasa mifuko, huku, kule, jasho linanitoka kwenye baridi ile.

"Bwana," baba akasema, "si ulinipa mimi nikushikie, isiloane?"

Akafungua kimfuko cha nailoni, akatoa bahasha, akanikabidhi kwa mikono miwili. Alinifichia uongo wangu vizuri kuliko nilivyoweza kuuficha mwenyewe.

Mama Severina akamwita mumewe. Mzee Kalinga akatoka na miwani yake imefungwa kwa uzi, akaipasua bahasha, akasoma kwa sauti. Mimi sikuwahi kuiona barua ile kabla. Mpaka leo naikumbuka:

*"Mleta barua hii ni mzee Ndalahwa Bujiku, baba mzazi wa kijana Seni anayetafuta chumba. Mzee huyu hajui kusoma. Lakini tumeishi naye miaka kumi na tano na hatujasikia uongo kinywani mwake. Atakalosema juu ya mwanawe lipokeeni kama nimesema mimi. Mdhamini ni yeye."*

Manyunyu yanagonga bati.

Mzee Kalinga akavua miwani. Akanipita mimi, akamwangalia baba.

"Mzee mwenzangu, Ndalahwa ni wewe?"

Baba akanigeukia. Alikuwa ananisubiri, wadau! Alinipa nafasi! Ningesema tu "ndiye, huyu ndiye baba yangu," yangeisha.

Nikaangalia raizoni zangu.

"Hapana, bwana," baba akasema. "Mimi nabeba mizigo tu."

Mtu ambaye hajawahi kusema uongo! Siku ile aliusema kwa ajili yangu, pale kwenye kibaraza cha watu.

Akaweka kibuyu chini karibu na sanduku.

"Hiki cha bwana. Asisahau."

Akachukua fimbo yake, akatoka mvuani.

Mzee Kalinga akaikunja barua, akaiweka mfukoni.

"Kijana, chumba kipo. Lakini barua inasema mdhamini wako ni baba yako, na wewe umekuja na mtu wa mizigo. Mdhamini akija, njoo naye."

Nilikimbia, jamani. Nilikimbia na raizoni kwenye tope mpaka kimoja kikavunjika kisigino. Kufika stendi nikauliza wauza ndizi, mmemwona mzee mwenye shuka na fimbo?

"Amepanda lori la mpunga sasa hivi. Mzee wako yule?"

"Ndiyo," nikasema. "Baba yangu."

Kwa muuza ndizi ndiko nilikoweza kusema. Nikakaa kwenye jiwe, nikalia mbele za watu.

Nikajihifadhi kwa karani wa ofisi niliyohamishiwa, Liberatus, aliyenihurumia siku hiyohiyo. Jumatatu nikaanza kazi. Kila nikigusa mashine makosa matupu, karatasi nazikunja nazitupa. Nilijiambia nitakwenda Igawa kuomba radhi. Kesho. Keshokutwa. Uongo mtupu, nilikuwa naogopa kumwangalia usoni.

Alhamisi mchana nikaitwa nje ya ofisi. Mzee Kalinga! Mkononi ana ufunguo.

"Chukua. Chumba chako."

"Mzee... lakini mdhamini..."

"Mdhamini alikuja jana."

Nikaurudisha mkono niliokuwa nimeunyoosha.

"Kaja peke yake, kutoka Igawa. Tukamkaribisha kiti, akakataa. Akasema, 'Nimekuja kuomba radhi. Siku ile niliwaambia mimi siyo Ndalahwa. Ni uongo. Ndalahwa ni mimi. Balozi aliandika kwamba sisemi uongo, sasa nimemharibia balozi jina lake.'"

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo, amesimama. Nikamwuliza, na mwanao je? Yeye ndiye aliyeanza. Akaniambia, 'Ya mtoto atakuja kusema mwenyewe. Mimi nimefuata uongo wangu.'"

Nikainamia tena viatu vyangu.

"Na tulijua toka mlangoni," mzee Kalinga akaendelea. "Mke wangu aliona masikio. Mna masikio mamoja nyie, kama mmechongwa pamoja! Tulikuwa tunakusubiri useme, nawe ukaangalia viatu. Mke wangu naye amejilaumu kwa yale ya ndama. Alimpikia baba yako, wakala pamoja." Akanipa ufunguo kiganjani. "Sikupi kwa ajili yako. Nampa aliyesema kweli."

Jumamosi nikapanda basi la kwanza.

Baba nilimkuta mtoni ananywesha ng'ombe. Kulikuwa na matope mpaka kwenye kifundo cha mguu. Nikapiga magoti humohumo na bugaluu langu, vijana wa kuchunga wakaduwaa.

"Shikamoo, baba."

Hakujibu.

"Shikamoo, baba!"

Akamalizia kumpiga piga mgongoni ng'ombe aliyekuwa anakunywa, akamwacha aende, ndipo akanigeukia. Nikafumba macho. Nilisubiri fimbo, nilisubiri laana, nilisubiri aniite bwana.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Ile nyumba haivuji?"

Nililia kama mtoto, humohumo kwenye maji ya ng'ombe. Yeye akaninyanyua kwa kwapa, akaanza kunikwangua tope kwa vidole. Hakuwahi kuligusia tena, mpaka anafariki mwaka 1994. Laiti angeligusia!

Lusia nilimweleza yote kabla ya ndoa. Nilidhani ananiacha. Akaniuliza:

"Na mimi nikizeeka, utasema mimi ni nani wako?"

Tumeoana miaka arobaini na saba sasa, na swali lile bado ananiuliza nikimkasirisha.

Siku ya harusi, mzee Ndalahwa alikaa meza ya mbele, shuka yake ileile, katambuga zilezile. Nilimshika mkono nikamzungusha kwa mgeni mmoja mmoja. "Huyu ni baba yangu. Huyu ni baba yangu." Mpaka akachoka, akaninong'oneza, "Basi, wamesikia."

Lakini wadau, niwaambie ukweli. Kutambulisha mara mia hakufuti mara moja ile. Hadi leo kijana yeyote akinipa shikamoo njiani, kabla sijaitikia, roho inanishtuka.

Una mzazi kijijini, havai kama marafiki zako, Kiswahili chake kinayumba, anaongea kwa sauti kwenye simu? Mtu akikuuliza huyu ni nani wako, usiangalie viatu. Jibu haraka, kabla yeye hajakujibia.

Maana atakujibia, na atakuficha. Mzazi akishakufichia aibu yako, unabaki nayo maisha yako yote.