Rubani na Njia Ndefu

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, Rubani alipita kwenye chumba cha mama yake cha kushonea ili kuokota pini. Alikuwa na sumaku aliyoifunga kwenye kijiti. Aliipitisha chini ya meza ya kukatia, pini zikairukia, naye akazirudisha kwenye kopo lake. Kisha alifagia vipande vya nyuzi na vitambaa, akampelekea chai bibi yake, ambaye alikaa karibu na mlango akikunja mashati yaliyokwisha kupigwa pasi. Bibi alipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Asante, mjukuu wangu. Mungu akuzidishie."

Alisema hivyo kila siku, hata chai ikiwa imepoa. Bibi hakuwa na choyo cha shukrani. Alimshukuru mwuza maziwa, aliishukuru mvua, na siku moja alisikika akilishukuru dirisha kwa kukubali kufunguka.

Shuleni Rubani alikuwa na jina jingine. Hili la Rubani alipewa na bibi siku mjomba alipopiga simu kutoka ng'ambo. "Mama," mjomba alimwambia bibi, "likizo hii njooni wote watatu. Mwanangu ameshajua kutembea na bado hajakushika mkono. Nauli ni juu yangu. Ninyi chagueni ndege tu, mniambie." Bibi alijifuta macho kwa ncha ya mtandio wake na kushukuru mpaka simu ikakatika.

Tatizo lilikuwa mama. Shule moja ilikuwa imemwagiza sare za wanafunzi wote, na zilitakiwa kabla ya kufunga shule. Cherehani ilianza kulia asubuhi, ikanyamaza wakati wa kula tu.

"Mimi nitakwenda kwa wakala wa safari saa ngapi?" mama alimwambia binti yake. "Wewe si unafundishwa kompyuta? Nenda ukamsikilize vizuri, kisha uje uniambie alichosema. Usiongeze chumvi, usipunguze."

Bibi akacheka. "Basi huyu ndiye rubani wetu. Atupeleke." Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Rubani.

Ofisi ya wakala ilikuwa kwenye jengo hilo hilo la chumba cha kushonea, mwisho wa baraza. Juu ya meza palikuwa na ndege ya plastiki ambayo bawa lake moja lilikuwa limegandishwa kwa gundi. Wakala mwenyewe alikuwa mtu mpole aliyezoea kupandisha miwani yake kichwani na kuisahau huko. Rubani alipomwendea, siku ya Alhamisi, aligeuza kompyuta ili aone.

"Njia ziko mbili," alieleza. "Hii ya kwanza inawachukua hapa jioni na kuwashusha kwa mjomba wako asubuhi. Mnalala humo humo, mkiamka mmefika. Ya pili mnabadilisha ndege katikati ya safari, na hapo mnasubiri uwanjani usiku kucha mpaka kesho yake. Bei ni karibu sawa. Kwa kuwa mna mtu mzima, mimi ningechukua ya kwanza."

Rubani alitazama jina la mji ule wa katikati, moyo ukamruka. Aliujua. Rafiki yake aliyekaa naye dawati moja aliwahi kupita huko, na kwa muhula mzima hakuwa na hadithi nyingine. Ndani ya uwanja ule wa ndege kulikuwa na bustani. Kulikuwa na miti mirefu chini ya paa la kioo, maporomoko ya maji, na vipepeo wa kweli waliotua mabegani mwa watu. "Kama hujaiona bustani ile," rafiki yake alipenda kusema, "bado hujasafiri."

"Nimewashikia nafasi njia zote mbili," wakala aliendelea. "Lakini mwisho ni Jumamosi saa sita mchana. Mama yako aseme ipi. Ikipita hapo, nafasi zinaachiwa, na msimu huu wa likizo sidhani kama zitapatikana tena."

Kutoka kwa wakala hadi kwa mama hapakuwa mbali, lakini palitosha kutunga uongo.

"Ile ya moja kwa moja imejaa," Rubani alisema, akiinama kutafuta pini ambazo hazikuwapo. "Imebaki ya kubadilisha ndege. Tutasubiri uwanjani usiku mmoja. Wakala anasema viti ni vizuri."

Mama alisimamisha cherehani. "Usiku kucha? Na miguu ya Mama hii?"

"Miguu yangu imekwenda mbali kuliko cherehani yako," bibi alijibu. "Mtu anayekwenda kumwona mwanawe husubiri. Asante, Rubani, kwa kututafutia. Pengine tungekosa hata hiyo."

Rubani alizoea asante za bibi kama alivyozoea sauti ya cherehani. Hii ilimchoma. Alisema anakwenda kufanya kazi za shule, akaenda kukaa bila kufungua daftari.

Kesho yake aliporudi kutoka shule alimkuta bibi nyumbani, amekaa peke yake katikati ya sebule. Hakukaa kwenye kochi lake. Alikaa wima kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, mkoba mapajani, na miguuni amevaa viatu vipya alivyonunuliwa kwa ajili ya safari.

"Bibi, mbona umekaa hivyo?"

"Niko uwanja wa ndege," bibi alijibu kwa uso mkavu, kisha akacheka. "Ninajifunza kusubiri, mjukuu wangu. Nimekaa hapa tangu tulipomaliza chakula cha mchana. Sitaki nikifika huko nianze kuwasumbua." Alijaribu kuinuka, akashindwa, akarudi kukaa taratibu. "Hebu nivue hivi viatu. Vimeniuma kidogo."

Rubani alipiga magoti. Mikanda ya viatu ilikuwa imezama kwenye nyama. Alipoivua, miguu ya bibi ilionekana imevimba kama unga uliotiwa hamira, na pale alipoigusa kwa kidole gumba pakabaki shimo ambalo halikurudi haraka.

"Bibi, hii imeanza lini?"

"Ina siku nyingi. Nikikaa sana inajaa, nikilala inapungua." Bibi akashusha sauti ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Usimwambie mama yako. Atanipeleka kwa daktari, daktari atanikataza safari, na mimi yule mtoto wa mjomba wako namjua kwa kioo cha simu tu. Nifiche, Rubani. Nitakushukuru."

"Sawa, Bibi," alisema Rubani. Sasa alikuwa na siri mbili, moja yake na moja ya bibi, na zote mbili zilikuwa zinakwenda kukaa usiku kucha kwenye kiti kimoja.

Jumamosi asubuhi mama alimtuma. "Nenda umwambie wakala tunachukua hiyo hiyo. Kazi imebanwa na muda, sina la kufanya."

Rubani alitembea barazani polepole, na kabla hajafika mwisho akapata ujanja mpya. Angemwambia wakala achukue njia ya kwanza, ile ya moja kwa moja. Kisha angerudi na kusema nafasi zimepatikana ghafla, amezihangaikia mwenyewe. Bibi asingekesha kitini, mama angefurahi, na uongo wa kwanza ungezikwa bila matanga. Aliona jambo hilo ni zuri kiasi kwamba aliongeza mwendo.

"Karibu, Rubani," wakala alimpokea. "Bibi yako alipita hapa jana asubuhi. Alikuja kunishukuru."

"Kukushukuru?"

"Nami nilishangaa, hatujakata hata tiketi moja. Akasema mjukuu wake amehangaika sana kuwatafutia nafasi, na mimi nimekusaidia. Akaniombea dua, akaondoka. Nikabaki najiuliza, umehangaika wapi, binti?" Alitabasamu bila ubaya. "Haya, mama amesemaje?"

Rubani alifungua kinywa. Maneno yalikuwa tayari, yamepangwa vizuri. Lakini akilini alimwona bibi akijikongoja barazani kwa miguu ile iliyovimba, akishika ukuta, kwenda kutoa asante kwa jambo ambalo halikuwapo. Na akajua kwamba akimaliza ujanja wake, bibi atajikongoja tena kuja kushukuru mara ya pili.

"Naomba usifanye lolote kwanza," alisema. "Namleta mama."

"Saa sita haimngoji mtu," wakala alimkumbusha, lakini Rubani alikuwa ameshatoka mbio.

Mama alikuwa amebana pini kwa midomo, anarekebisha pindo la sketi. Bibi alikuwa mahali pake mlangoni.

"Mama, acha kazi kidogo," Rubani alisema, na akaanza kulia kabla hajaanza kusema. Alisema yote. Njia ya kwanza haikujaa. Wakala aliwashauri waichukue. Yeye alitaka kuiona bustani ya uwanjani, yenye miti na vipepeo.

Mama alizitoa pini mdomoni moja moja na kuzichomeka kwenye kitambaa. Hakuwa mtu wa kupayuka, na ndiyo maana Rubani alimwogopa zaidi.

"Unamwona bibi yako anavyotembea," alisema hatimaye, "halafu ukaona vipepeo."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe."

"Mimi nilikuamini kwa sababu sikuwa na nafasi ya kwenda mwenyewe. Mtu akikuamini ameweka mzigo wake mikononi mwako, hawezi tena kuutazama. Ukiudondosha, hajui."

Rubani hakujitetea. Alitamani kusema juu ya miguu, lakini ile ilikuwa siri ya bibi na alikuwa ameahidi. Alimtazama bibi tu. Bibi naye alimtazama, kisha akaweka shati pembeni.

"Mwanangu, usimseme huyu peke yake," alimwambia mama. "Mwongo wa pili amekaa hapa." Akavua kiatu, akavuta gauni juu kidogo.

Mama aliangalia mguu ule. Alichukua mkoba wake, na futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, akawapeleka wote wawili zahanati.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimpima bibi shinikizo la damu, akabonyeza miguu, akauliza maswali mengi ambayo safari hii bibi aliyajibu kweli. Alimwandikia dawa na kumwambia apunguze chumvi, kisha akauliza kuhusu safari. Mama alipomweleza njia ya pili, alitikisa kichwa.

"Kukesha kwenye kiti na miguu hii? Hapo ningemkataza kabisa. Damu inaweza kuganda miguuni, na hilo si jambo la kuchezea. Njia ya moja kwa moja anaweza, kama dawa itamkubali na nikimwona tena kabla hamjaondoka. Avae viatu vilivyolegea, anywe maji, na kila baada ya muda ainuke atembee kwenye ujia kati ya viti vya ndege. Adui yake ni kukaa sana."

"Kumbe naruhusiwa," bibi alisema taratibu. "Mimi nilidhani nikija hapa nitafungiwa mlango. Asante, mwanangu. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimfundisha mama wa huyu maneno hayo, nikayasahau mwenyewe."

Walifika kwa wakala saa sita ikikaribia sana. Alipapasa meza nzima akitafuta miwani.

"Iko kichwani, baba," bibi alimwambia, na watu wote wakacheka, hata mama. Wakala aliishusha, akabonyeza hapa na pale, na njia ya moja kwa moja ikathibitishwa. Rubani alihisi kifua chake kinafunguka.

"Na kurudi?" wakala aliuliza.

"Ile njia ya bustani," bibi alisema, "wakati wa kurudi nako lazima mtu akeshe?"

"Hapana. Kurudi mnashuka pale asubuhi na kuondoka mchana. Ni muda mfupi, na uwanja unatoa kiti cha magurudumu ukiomba."

"Basi turudi kwa njia hiyo, daktari akiafiki. Si amesema nitembee? Angani nitatembea wapi, juu ya mawingu?"

"Mama," mama alisema, "unampa zawadi kwa kudanganya?"

"Zawadi yake atapewa na wewe. Hii ni yangu. Tangu niliposikia kuna miti ndani ya nyumba, na mimi nataka kuiona." Kisha bibi alimgeukia Rubani, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Ungesema siku ile, 'Bibi, natamani kuiona bustani,' tungekaa na wakala, tungepata hivi tulivyopata leo, na hakuna ambaye angeumia. Na mimi ningesema miguu inauma, ningekuwa nimeshaanza dawa. Anayesema haja yake huenda akanyimwa. Anayeichukua kwa uongo huwanyima wengine. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, mjukuu wangu. Yako ulitaka iwe ndefu, lakini nayo imeishia hapa hapa."

"Nimeelewa, Bibi," alisema Rubani, na alikuwa ameelewa kweli.

Zawadi ya mama ilikuwa vifungo. Rubani alipewa kushona vifungo vya mashati yote yaliyobaki, kila Jumamosi mchana mpaka kazi iishe, na vile vilivyolegea avishone upya. Mchana ule ule alianza. Bibi alikaa kwenye nafasi yake mlangoni, miguu ameiinua juu ya robota la kitambaa. Rubani alijichoma sindano mara kadhaa, kisha akainuka kumpelekea bibi maji, kwa kuwa daktari alisema anywe.

Bibi alipokea bilauri kwa mikono miwili. "Asante, mjukuu wangu."

"Asante ya nini leo, Bibi?"

"Ya kugeuka njiani ukarudi kusema."

Asante hii haikumchoma Rubani popote.

"Na mimi nashukuru, Bibi," alisema. "Kwa kuvua kiatu."

Mama aliwasikia, lakini mdomo wake ulikuwa umejaa pini. Alimsogezea Rubani kopo la vifungo, akarudi kwenye cherehani yake.