Mkataba Wenye Jina la Marehemu

Mambo yaliharibika Jumapili, tarehe tisa Machi, saa kumi jioni. Nilikuwa naongea na binti yangu kwa simu ya video. Ghafla akaganda, mdomo wazi, mkono hewani. Kisha kioo kikawa cheusi.

Binti yangu yuko nchi ya mbali, anatunza wazee wa watu. Nafasi ya kuongea anaipata Jumapili tu, kwa muda wa saa moja. Saa hiyo ndiyo ninayoishi kwayo wiki nzima. Tangu mama yake afariki, sina uso mwingine wa kuutazama.

Nikapigia kampuni ya intaneti. Muziki, muziki, muziki. Wakubwa wao wamekalia viti vya kuzunguka, sisi tunachezewa nyimbo. Mwishowe mhudumu akapokea.

"Samahani mzee, mkataba una jina la mwanamke. Tunaomba kuongea naye mwenyewe."

"Hata mimi naomba kuongea naye," nikamjibu. Nikakata simu.

Jumapili iliyofuata ikawa vilevile. Picha inakatika, sauti inakwaruza. Nikashika waya wa faiba unaoleta intaneti, niung'oe ukutani. Mlango ulikuwa wazi, na Mama Pacha, jirani yetu wa ghorofa ya juu, akaniona. Kazi yake ni kuvuta nyaya hizohizo kwenye majengo.

"Shemeji! Huo waya umekukosea nini?"

"Nahama. Hawa ni wezi."

"Hama, lakini si kwa hasira. Ukikata leo, wapya wanaweza kuchukua wiki mbili kuja kukufungia. Jumapili mbili hizo utamtazama nani, ukuta?"

Nikauachia waya. Akapima intaneti kwa kompyuta yake.

"Waya mzima. Kasi ndiyo imeshuka. Mkataba uko wapi?"

Nikautoa kabatini. Ulikuwa na sahihi ya mke wangu, ile yenye mkia mrefu. Mama Pacha akasoma polepole, kidole juu ya maandishi.

"Mlipewa kasi ya ziada kwa miaka miwili. Imekwisha tarehe nane Machi, pamoja na mkataba wenyewe. Bei haijashuka, kasi imeshuka."

"Mbona hawakuniambia?"

"Walituma ujumbe kwa namba iliyoandikwa hapa. Ya nani hii?"

Ilikuwa ya mke wangu. Simu yake nimeizima, iko kwenye droo. Sijathubutu kuiwasha.

Mama Pacha akanirudishia mkataba. "Pole, shemeji. Sasa sikiliza. Mkataba ukiisha, hawakutozi faini ukiondoka. Huu ndio wakati wa kubishana nao. Nenda ofisini na cheti cha kifo, kitambulisho chako na mkataba huu. Kwanza mkataba uhamishiwe jina lako. Halafu waulize kasi. Kampuni ya pili nayo imefika jengo hili, chukua karatasi yao ya bei uende nayo. Na usikubali ahadi ya mdomo. Kasi, bei, tarehe ya mwisho, vyote viandikwe."

Kesho yake nikaenda. Mhudumu akaangalia cheti.

"Kwa hiyo tufute jina la zamani?"

"Usiseme kufuta, mama."

Akaniangalia. "Basi tubadilishe, baba."

Nikatia sahihi pale ilipokuwa yake. Kisha nikadai kasi yetu.

"Ile ni ya wateja wapya tu," akasema.

Nikaweka karatasi ya kampuni ya pili mezani. "Basi ngoja nikawe mteja mpya kwa hawa."

Akaingia kwa mkubwa wake. Akatoka anacheka. Kumbe kasi ilikuwepo siku zote, ila ukinyamaza hawakupi! Nikapewa kasi ya zamani kwa bei ileile, mwaka mzima, kwa maandishi. Na namba ya ujumbe sasa ni yangu. Nyumbani nikazungushia tarehe kwenye kalenda, mwezi mmoja kabla ya mkataba kuisha, nisije nikalala tena.

Jumapili binti yangu akatokea kama amekaa sebuleni kwangu. Nikaona hadi mvi moja juu ya sikio lake. Mtoto wangu ana mvi.

Nikamuuliza, "Mwanangu, unarudi lini?"

Kimya. Wiki iliyopita ningelaumu kampuni. Lakini alikuwa anapepesa macho, na pazia nyuma yake lilitikisika. Intaneti ilikuwa nzima kabisa.

"Mwanangu, nakuuliza. Unarudi lini?"