Slent, na Buti Zenye Theluji

"Nenosiri ni slent," Mkuu alisema simuni kutoka Dar. "Atakayekuja ataje maana na asili. Akikosea, mmalize."

Simu ikakatwa.

Mashauri alishusha pumzi. Magoti yalimuuma, na Mkuu, mwalimu wa zamani, bado alichezea maneno ambayo Waingereza wenyewe wameshayazika. Alikuwa amechoka. Amechoka na ujasusi, amechoka na hii Desemba ya 1984 mjini Stockholm.

Mfukoni alikuwa na filamu ya Minox, kamera ndogo ya kijasusi: picha za bunduki za mamluki, na jina la meli ya kuzipeleka Dar. Noeline, mkimbizi wa Kiganda anayehudumia wazee hapa mtaani Husby, ndiye angeifikisha ubalozini.

Kengele ililia.

Akaingia mwanamume mwenye koti la ngozi.

"Naitwa Severin, mume wake. Noeline ana homa. Miaka yote tuliyokaa Husby, mzee, hajaugua hivi."

"Slent."

"Kiingereza cha kale. Mshazari. Kitu kilicholalia upande."

"Asili?"

"Watu wa kaskazini hukuhuku. Kwao ilikuwa kuteleza."

Sawa kabisa. Mashauri akatia mkono mfukoni. Ampe, yaishe, akalale.

Macho yakamshuka hadi kwenye zulia.

Theluji.

Ilikuwa ikiyeyuka chini ya buti za Severin, katikati ya sebule. Mashauri mwenyewe alikuwa na soksi, kidole gumba nje. Wiki moja tu ilimfunza kwamba mji huu viatu huachwa mlangoni, uwe bwana au mtwana. Huyu wa miaka yote hajui? Njia ya mwongo fupi.

Mkono ulitoka na bastola, Walther PPK.

"Noeline yuko wapi?"

Severin aliutazama mtutu. "Chini. Kwenye Volvo ya kijivu."

Mashauri alibonyeza redio. Josiah, mwenzake, alikuwa akilinda barabarani.

"Volvo ya kijivu."

"Naiona. Dereva peke yake mbele."

"Mtoe mama aliye nyuma. Akiwa mzima."

Mashauri aliogopa, na hakuficha kwamba anaogopa.

"Ninaye."

Severin alikuwa ameshafungwa kamba Josiah alipompandisha Noeline, mdomo wake umevimba. Mlangoni Noeline aliinama, akavua buti, akazipanga ukutani. Ndipo akalia.

"Walinipiga, kaka. Neno niliwapa. Maana, asili, yote." Alimtazama Severin pale sakafuni. "Viatu sikuwaambia."

Mashauri alimkabidhi filamu. Meli isingeng'oa nanga. Akamwachia Josiah mfungwa, akavaa viatu vyake taratibu, akashuka ngazi bila kugeuka nyuma.