Hedhi Iliporudi

Mpokea pesa haachi kaunta wakati foleni imesimama. Sheria hiyo waliijua wote dukani, hata wafagizi. Ndiyo maana binti aliyekuwa kaunta, sare yake ya buluu ikiwa imenyooshwa vyema kwa pasi, aliuma midomo tumbo lilipomkata katikati ya umati wa mwisho wa mwezi. Alipoinua macho kumwita mteja aliyefuata, akakutana na fundi saa, kijana aliyezima simu siku binti alipokwenda peke yake kutoa mimba yao.

"Habari yako, mpenzi?"

"Mpenzi wako nani? Weka sabuni hapo nikuhesabie."

"Unatokwa jasho. Unaumwa?"

Alihisi unyevu wa joto ukimshuka. Muuguzi wa siku ile alimwambia hedhi ingerudi baada ya mwezi mmoja au miwili; lakini yeye, kila asubuhi aliyojikuta mkavu, aliamini kwamba amehukumiwa kutozaa tena.

"Imerudi," alinong'ona.

Kijana alielewa. Alikwenda akarejea na pedi, akaziweka juu ya kaunta mbele ya watu bila kuzificha, akamvika koti lake.

"Tutalala hapa?" mzee mmoja aliguna.

"Lala, baba, mito iko rafu ile," mama mmoja alimjibu, na foleni ikacheka.

Binti akaacha kaunta.

Jioni kijana alimngoja mlango wa nyuma. "Nilikuwa mwoga, mpenzi. Niruhusu nikuoe."

"Usinioe kwa kujuta. Mama aliniuguza akidhani ni malaria. Kila siku namwamkia na uongo mdomoni. Twende kwake kwanza."

"Atanifukuza."

"Nami pia, huenda. Unakuja?"

Alikuja. Mama aliwasikiliza akiwa amesimama, kisha akamwonyesha kijana mlango. Kijana hakujitetea, alivaa viatu, akatoka.

Mama akamgeukia bintiye. "Nilikuwa nakupa dawa zisizo zako," alisema, "nawe ukameza, ukanishukuru." Machozi yakamtoka, yeye ambaye hata msibani kwa mumewe hakuonekana akilia.

Machozi hayo ndiyo adhabu ambayo binti aliiogopa kuliko zote. Aliipokea akiwa amepiga magoti, bila kuomba ipunguzwe.

Mama akafuta uso kwa upande wa khanga. "Tumbo linauma?"

"Linauma, mama."

"Basi lala. Ya kijana wako tutayasema kesho."