Mlango wa Hiari

Mlango wa Hiari haukuwa na kitasa wala ufunguo. Ulisikiliza. Mwenye nyumba akisema "karibu" kutoka ndani, kifaa kiitwacho kipimahofu kiliipima sauti yake. Ikiwa shwari, chuma kilijivuta pembeni. Ikitetemeka, chuma kiligoma, maana huenda jambazi amemshikia mtu kisu. Mhandisi Kabula aliubuni akapewa nishani, na Tabora nzima ikalala usingizi wa pono.

Kisha wavamizi wakaingia. Hawakujenga jela, wajenge ya nini? Waliwafungia watu majumbani mwao, wakaziba madirisha kwa chuma, wakatangaza kwamba atakayetoka atapigwa risasi. Basi! Hofu ikawa askari wao wa bure, na Kabula akabaki kuulaani ubongo wake mwenyewe.

Usiku mmoja alikuwa amechuchumaa mlangoni pa mama yake, Bi Nyanzobe, pamoja na wapiganaji watatu waliotoka msituni. Alfajiri mama angepelekwa machimboni, na waliopelekwa huko hawakurudi. Droni za doria zilipita kila baada ya dakika sita.

"Mama, ni mimi. Sema karibu."

"Ka... karibu."

Mlango kimya.

"Taratibu, mama. Vuta pumzi."

"Karibu. Ee Mungu wangu, Kabula, watakuua!"

"Dakika mbili, Mhandisi," Luhende, kiongozi wao, alinong'ona. "Hakuna njia ya mkato?"

"Zote niliziziba mwenyewe."

Kabula aliegemeza paji la uso kwenye kile chuma baridi. Ndipo uongo ukamjia.

"Mama, vita vimekwisha! Wameondoka jioni hii. Nimekuja kukuchukua."

"Usinitanie, mwanangu."

"Kweli tupu, mama."

Ndani kikasikika kicheko, kisha kilio, kisha kicheko tena. "Ashukuriwe Mungu! Karibu, mwanangu, karibu!"

Chuma kikajivuta. Bi Nyanzobe akatoka peku, na kabla Kabula hajamziba mdomo akapiga vigelegele vya harusini, virefu, vya mtu aliyekaa miezi minane akiogopa hata kukohoa.

Nyumba ya pili ikaitikia. Ya tatu nayo. "Vita vimekwisha!" mtu alipaza sauti, na mtaa mzima ukaanza kusema karibu, karibu, kwa sauti zisizo na hofu hata chembe. Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Watu wakamiminika barabarani na nguo za kulalia, wakikumbatiana, watoto mabegani.

"Rudini ndani!" Kabula alipiga kelele. Nani amsikie?

Upande wa stesheni, taa za droni ziligeuka zote kwa pamoja kuelekea mtaani.

Mama alimshika mikono amchezeshe. "Mbona hushangilii, mwanangu?"