Jina la Robi Kwenye Orodha ya Mabati

Robi ameolewa Kosele, kwa Waluo, miaka kumi na mmoja sasa. Kwao ni Migori, upande wa Wakuria, kwa hiyo majirani humwita Nyar Kuria, yaani binti wa Kuria. Hata sokoni, anakouza viazi vitamu, wengi hawajui jina lake lingine.

Mwezi wa nne, dhoruba kali iling'oa paa la nyumba yake. Mabati mawili yalipatikana shambani kwa jirani, yamekunjamana. Robi, mumewe Gordon na watoto watatu wakahamia jikoni.

Baadaye ofisi ya chifu iliwaandikisha walioharibikiwa nyumba ili wapewe mabati. Robi alipoulizwa jina, alijibu kama kawaida: "Nyar Kuria." Karani akaandika.

Siku ya kugawa, Robi alitoa kitambulisho. Karani alikisoma mara mbili. Akamweleza kwa upole kwamba kinasema Robi Wangwe, na jina hilo halimo kwenye orodha. Robi akarudi mikono mitupu. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na mtoto wa mwisho alikuwa ameanza kukohoa.

Emmaculate, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kumwona mtoto. Alimkuta Gordon amekasirika. Gordon alisema mkewe amenyimwa kwa sababu si mtu wa hapa. Emmaculate alimwacha amalize.

"Shemeji, Nyar Kuria ni wangapi hapa Kosele?"

Gordon alihesabu kwa vidole. "Watatu."

"Sasa karani ampe yupi?"

"Asimpe yule wa kwa posho mill, pale kwenye kinu cha unga," Robi alisema. "Paa lake halikuguswa."

Wote wakacheka, hata Gordon.

Emmaculate alieleza kwamba kosa hilo hurekebishwa bila malipo. Robi aende kwa naibu wa chifu na kitambulisho. Ataje jina kama lilivyoandikwa humo, atoe na namba yake. Kisha aombe asomewe kilichoandikwa.

Kesho yake Robi alienda. Naibu wa chifu alirekebisha orodha, akamsomea, akatia sahihi.

Baada ya siku tisa mabati yalifika, na safari hii Robi alipewa yake. Fundi aliyapigilia, kisha akafunga mbao za paa kwenye nguzo kwa waya, ili upepo usiziinue tena.

Jumamosi mvua ilinyesha mchana kutwa. Robi aliketi katikati ya nyumba akimenya viazi. Sakafu ilikuwa kavu.