Dakika Nne za Mzee Ngatia

Foleni ya posta ya Nyeri ilikuwa imejikunja mpaka mlangoni asubuhi hiyo ya Novemba 1999, na mvua ilikuwa ikizidi kuwasukuma watu ndani. Nyawira, mwalimu wa hisabati, alikuwa amevaa sweta ya manjano na sketi ya marinda iliyolowa pindoni. Alipokabidhiwa kifurushi chake kutoka Ujerumani hakuweza kungoja. Akakifungua pale pale, na sidii iliyokuwa ndani ikamponyoka, ikabingirika sakafuni hadi kwenye viatu vya kijana mmoja mrefu, aliyevaa koti lililomzidi mabega.

"Usikanyage!" Nyawira alipiga kelele. Posta nzima ikageuka.

Kijana akabaki mguu mmoja hewani kama korongo. "Sijakanyaga, mrembo. Lakini nikianguka, nitakuangukia wewe."

Aliinama, akaiokota kwa kingo tu, akaigeuza kwenye mwanga. "Iko na mkwaruzo. Ni ya nini hii?"

"Ni baba yangu," Nyawira akasema.

Mzee Ngatia, katekista wa Mukurwe-ini, alikuwa amefariki mwezi wa tano. Kanda pekee ya video iliyomwonyesha akizungumza ilikuwa ya harusi ya dada yake Nyawira, nayo ilikuwa imeanza kuota ukungu. Murugi, binamu yao anayeishi Ujerumani, ndiye aliyeichukua akaihamishia kwenye sidii kabla haijaharibika kabisa.

"Kwa hivyo imebaki hii moja tu," Nyawira alimaliza. "Na sisi ni watoto wanne."

"Basi Mungu amekupanga kwa foleni nzuri," kijana akasema. "Mimi naitwa Koome. Natengeneza kompyuta hapo juu karibu na soko, na niko na mashine ya kunakili sidii."

Chumba cha Koome kilikuwa ghorofani, kimejaa nyaya na harufu ya vumbi lililopashwa moto. Alimfutia Nyawira kiti kwa mkono wa koti lake.

"Niko na programu mbili. Hii ya kwanza ni ya haraka, robo saa imemaliza. Hii ingine ni kama mzee wa kanisa. Inasoma, inarudia, ikifika kwa mkwaruzo inakaa hapo mpaka ielewe. Inaweza kula siku nzima."

"Sasa siku nzima ya nini? Nakala si ni nakala?"

"Mwalimu wa hisabati ndiye anasema hivyo?"

"Mwalimu wa hisabati ako na darasa saa nane," Nyawira akajibu, akicheka. "Weka ya haraka."

Aliondoka na nakala nne ndani ya bahasha. Lakini Koome alimwomba amwachie ile sidii ya asili siku chache, aijaribu kwa programu ya pili. "Roho yangu haijatulia," alisema. Nyawira alikubali, na moyoni alijua kwamba hakukubali kwa ajili ya sidii peke yake.

Siku zilizofuata simu ya shule haikupumzika. "Mwalimu Nyawira, ni yule fundi wako tena!" karani alikuwa akimwita, na walimu wenzake wakikohoa kwa makusudi.

"Ati kompyuta zote zitakufa mwaka wa 2000 ukiingia, ni kweli?" Nyawira alimuuliza Koome siku moja.

"Zikikufa narudi Nkubu kulima kahawa. Utakuja kunisaidia kuchuma?"

"Na mikono yangu hii ya chaki?"

"Hiyo hiyo, mpenzi. Naipenda hivyo."

Ijumaa moja jioni Nyawira alipitia kwa Koome na maandazi ya moto ndani ya gazeti. Alipofika kwenye ngazi, alisimama. Sauti ya baba yake ilikuwa ikitoka mle ndani, juu kabisa, na watu sita saba walikuwa wamesongamana mlangoni wakicheka.

Akawapenya. Akaichomoa sidii ya asili mezani.

"Baba yangu si tangazo la biashara yako!"

"Nyawira, ngoja! Ile programu ya haraka iliruka—"

Hakungoja. Maandazi yaliachwa kwenye ngazi. Koome alipopiga simu Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano, jibu lilikuwa moja: mwalimu yuko darasani.

Mapumziko ya Siku ya Jamhuri, mwezi wa Desemba, familia ilikusanyika Karatina kwa Peterson, kaka yake mkubwa, kumkumbuka mzee. Mama yao alikaa mbele ya televisheni, amefunga kitambaa kipya cha buluu, mikono mapajani. Kwenye skrini Mzee Ngatia alisimama, akavua kofia, akasema, "Watoto wangu, kuna jambo nataka kumwambia mama yenu..."

Na papo hapo watu wakawa wanakata keki.

Peterson akajaribu nakala ya pili. Keki. Ya tatu na ya nne, keki. Wakaweka ile ya asili. Mashine ikakwaruza, ikanyamaza.

"Ameenda wapi?" mama akauliza.

Nyawira alienda kwenye simu ya ukumbini. Akazungusha namba ya Koome.

"Koome, ni mimi. Baba hayuko pale katikati."

"Dakika nne," Koome akajibu, bila hata salamu. "Ile ya haraka iliziruka na haikusema. Ya pili ilichukua saa tisa lakini ilizipata. Siku ile nilikuwa nasikiliza kama zimeingia zote. Kama ningefunga mlango, watu hawangekuja. Hapo nilikosa, pole sana."

"Mimi ndiye sikukusikiliza. Nisamehe. Hiyo nakala bado uko nayo?"

"Niko nayo. Ningeitupa aje?"

Nyawira alimwelekeza nyumbani kwa Peterson, naye akafika baada ya saa moja, ameshuka kutoka lori la kabichi, koti limerowa, sidii ikiwa kavu kifuani. Safari hii Mzee Ngatia alivua kofia na kuendelea.

"Miaka thelathini na nane mama yenu anaamka kabla yangu. Anafikiri nimelala. Mimi huwa nimefumba macho tu, nimsikilize anavyoimba akiwasha moto. Mkiniona nachelewa kuamka, si uvivu. Ni huo wimbo."

"Kumbe alikuwa macho!" mama akasema. Akapiga makofi mara moja, akacheka, kisha akajifunika uso kwa kitambaa, na watoto wake wanne wakamzunguka. Aliomba irudiwe mara tatu. Baadaye akamtazama Koome.

"Wewe ni wa nani, kijana?"

"Wa Mzee Gatobu, mama. Kutoka Nkubu."

"Mpeni chakula kabla hajasema lingine."

Jioni Nyawira alimsindikiza hadi barabarani. Mvua ilikuwa imekatika.

"Nyawira, baada ya Krismasi nitarudi na baba yangu na wajomba wawili. Nakuonya mapema, wanaongea sana."

"Wanakuja kufanya nini?"

"Kukuposa."

Nyawira alimtengenezea kola ya lile koti kubwa, polepole, upande mmoja kisha wa pili.

"Waje Jumamosi," akasema. "Jumapili mama hushinda kanisani."